Dhamana ya Mngurumo

— Hodi masikioni!
— Karibu, yako wazi!
— Nimekuja na mnyama mdogo.
— Mlete!
— Nyuma yake kuna mkubwa mwenye meno.
— Mlete naye, tumekaa wengi!

Haya, sogeeni.

Si zamani sana, wala si jana. Wanyama walikuwa wameshajifunza kuendesha magari, ila walikuwa hawajajifunza kuyanunua bila kujuta. Katika nyika moja yenye miiba mingi na mvua haba waliishi Digidigi wawili, mke na mume. Digidigi, kama mjuavyo, hawaendi makundi. Huenda wawili wawili. Ukimwona mmoja, tazama pembeni, mwenzake yupo. Mume aliitwa Mshindo, ingawa alikuwa mdogo wa kujificha nyuma ya sufuria. Mke aliitwa Sikudhani.

Mshindo alikuwa na tamaa moja tu duniani: gari la fahari. Maisha yake yote wakubwa walimruka kama kisiki. Twiga akimruka, Nyumbu akimruka, hata Ngiri, naye Ngiri ni nani? "Siku moja," alikuwa akisema Mshindo, "watasimama wanipishe." Basi akabeba mizigo ya watu, akachunga mashamba ya watu, akaweka akiba mpaka kwato zikaisha ncha. Kisha akaenda kwenye uwanja wa magari wa Bwana Chui.

Bwana Chui alikuwa muuza magari ya fahari. Getini kwake kulikuwa na kibao kikubwa: CHUI NA NDUGU. Ndugu hakuwa naye hata mmoja. Chui hula peke yake, hulala peke yake, na akimwona chui mwenziwe humtolea meno. Lakini kibao kilipendeza.

Mshindo akanunua gari jeusi, refu, linalong'aa hata nzi akitua anateleza. Likaja nyikani likipasua miiba, kwaruu, kwaruu, likafika kwenye uwazi kando ya kichaka cha mikunazi walikoishi, likasimama. Na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa safari zake, kwa maana nyika ile haikuwa na barabara.

Mshindo hakujali. Kila jua lilipopoa alipanda kiti cha dereva, akasimama juu ya debe ili auone usukani. Sikudhani akapanda kiti cha pembeni. Mshindo akazungusha ufunguo.

Kho... kho... ngururururu.

"Leo twende wapi, mke wangu?"

"Twende kwa shangazi."

"Haya, jishike vizuri."

Gari likanguruma, wao wakakaa. Likanguruma, wakakaa. Hawakwenda hata hatua. Baada ya muda Sikudhani aliuliza, "Tumefika?" Naye Mshindo alijibu, "Tumefika." Wakashuka, wakala majani yao, wakalala.

Masika yalipokuja, Mshindo akashikwa na homa. Leo kikohozi, kesho kikohozi, keshokutwa kimya.

Majirani walikuja, wakalia, wakapika, wakala. Matanga yalipoondolewa kila mtu akarudi kwake. Akabaki Sikudhani. Akichuma jani, anachuma mawili. Akisikia kitu cha kuchekesha, anageuka kumwambia mwenzake, na neno linarudi kinywani limepoa. Gari lilikuwa pale pale uwazini, linang'aa, limenyamaza. Hakuligusa.

Siku moja akasikia nyayo. Nyapu, nyapu, nyapu. Bwana Chui huyo, na shati limepigwa pasi.

"Pole kwa msiba, mama. Marehemu alikuwa mteja wangu mpendwa."

"Ahsante, Bwana Chui. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kwa ajili ya gari. Dhamana aliyopewa marehemu imekwenda naye kaburini. Sasa gari limebaki uchi. Likiharibika hili, mama, utauza mpaka masikio. Unahitaji dhamana ya nyongeza."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Chochote kikiharibika unaniita. Nakuja mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa miguu yangu minne."

"Na ukija, utakaa?"

Chui hakuwa amewahi kuulizwa swali kama hilo. Alifikiri kidogo, akajilamba sharubu. "Nitakaa."

"Na bei yake?"

"Kitu kidogo tu. Kichaka hiki cha mikunazi."

Sikudhani hakuwa mjinga. Alijua bei imekizidi kitu. Kichaka kile ndicho kilichomlisha yeye na nusu ya nyika. Gari lenyewe haliendi popote, sasa litavunjikia wapi? Lakini tangu matanga yaondolewe hakuna aliyemwambia "nitakuja." Hakuna aliyemwambia "nitakaa." Maneno yale mawili yalimwingia kama maji kwenye udongo uliopasuka. Kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umeshasema, "Haya."

Bwana Chui hakupoteza muda. Siku ile ile aliingia kichakani, akajinyoosha kivulini. Sikudhani akahamia chini ya mti mmoja wa miiba ukingoni. Kesho yake asubuhi kanga wakaja kuokota kunazi kama ilivyo desturi yao. Koo-koo-koo, koo-koo-koo, kwi! Kukabaki manyoya. Akaja paa na mwanawe. Kwi! Akabaki paa. Chui alikuwa na chakula kinachojileta chenyewe mlangoni.

Hapo nyika nzima ikakikimbia kichaka, na ikamkimbia Sikudhani pia. Somoe Kanga, jirani yake, ambaye walizoea kutaniana na kucheka tangu usichana wao, sasa aliishia juu ya kichuguu cha mbali. Kutoka pale akapaza sauti:

"Shoga! Dhamana yako inatula!"

"Nisamehe, Somoe! Shuka tuzungumze!"

"Nishuke nizungumzie tumboni mwa nani?"

Akaruka, akaenda zake. Sikudhani akasimama akitazama kichuguu kitupu. Kumbe upweke una chini yake, na chini ya hapo kuna chini nyingine.

Siku hiyo akapanda gari kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akabonyeza honi. Kimya. Moyo ukamdunda: kitu kimeharibika! Akakimbia mbio hadi kichakani, tiki-tiki-tiki.

"Bwana Chui, honi hailii! Njoo ukae."

Chui akaja, akaitazama honi, akapiga miayo. "Honi si gari. Honi ni honi. Haimo kwenye dhamana." Akageuka, akaenda zake. Hakukaa hata kupoza miguu.

Dirisha likakwama. "Bwana Chui, dirisha halishuki!"

"Dirisha si gari. Dirisha ni dirisha. Halimo kwenye dhamana."

Panya akatafuna kiti, kiti cha pembeni, kile alichokuwa akikalia yeye siku zote. Akamwita Chui kwa machozi ya kweli. Chui hakutoka hata kichakani.

"Kiti si gari! Kiti ni kiti. Hakimo!"

"Na tairi, Bwana Chui?"

"Tairi ni tairi. Halimo."

"Na betri?"

"Haimo."

"Na mafuta je?"

"Mafuta si gari! Mafuta ni mafuta! Hayamo, hayamo, hayamo! Niache nilale."

Sikudhani akarudi chini ya mwiba wake. Akakaa. Akawaza. Machozi yakamkauka, na yalipokauka akaanza kuona. Alikumbuka uso wa yule paa aliyebaki peke yake. Akasema, "Huyu amenikuta na kidonda, akanizunguka kwa upande wa kidonda. Ngoja nami nimtazame ana kidonda wapi." Akatazama, akakiona. Kidonda cha Chui kilikuwa kinywa chake. Hakikujua kushiba.

Kulipopambazuka akamfuata Somoe kichuguuni. "Lete kanga wote waliobaki," akamwambia, "mkae mbali, juu, mnaposikia vizuri. Msiseme neno. Sikieni tu."

Kisha akaenda kwa Chui, kichwa ameinamisha.

"Bwana Chui, mimi ni mjane, tena kichwa changu kizito. Honi si gari, dirisha si gari, kiti si gari, mafuta si gari. Nifundishe basi. Gari ni nini?"

Kanga waliokuwa juu wakanyoosha shingo. Chui akaona anatazamwa. Akasimama, akajitengeneza. Akawaza, ni kitu gani cha gari hili ambacho hakitaharibika kamwe? Injini yake ilikuwa imara, ilitoka mbali, na haikuwahi kusumbua hata siku moja.

"Gari," akasema kwa sauti nene, "ni mngurumo."

"Ehee! Mngurumo umo kwenye dhamana?"

"Umo."

"Ukikatika?"

"Nitakuja na nitakaa kando yake mpaka urudi."

"Nitajuaje kama umerudi?"

"Una masikio makubwa kuliko uso, utashindwaje? Ukiusikia utasema nimesikia."

"Basi niapie, Bwana Chui."

Chui akakunja uso. "Kiapo hakimo kwenye dhamana. Kiapo kina bei yake."

"Nilijua utasema hivyo," akajibu Sikudhani taratibu. "Nina mahali pa chumvi, nyuma ya mawe mekundu, alipopavumbua marehemu. Swala wote huja kulamba. Wamenona hao! Nitakupa."

Mate yakamdondoka Chui, tone kwa tone. Hakuuliza jingine.

"Naapa kwa madoa yangu! Mngurumo ukikatika nitakaa kando ya gari. Nikiondoka kabla Sikudhani hajasema kwa kinywa chake 'nimesikia', madoa yangu yote yanidondoke nibaki kama mbuzi!"

Na nyikani kule kiapo cha ngozi si mchezo. Kiboko zamani alikuwa na manyoya. Aliapa kwayo, akavunja kiapo. Mnamwona alivyo.

Alasiri ile Sikudhani akapanda garini. Akasimama juu ya debe la mumewe, akazungusha ufunguo.

Kho... kho... ngururururu.

Akashuka kwenye usukani, akahamia kiti cha pembeni kilichotafunwa, akajikunja. Alijua ndani ya tangi mna mafuta machache aliyoyaweka Mshindo mwenyewe, ya mwisho, na hakuna mwingine wa kuyaweka. Gari likanguruma, yeye akakaa. Likanguruma, akakaa. Alitaka kunyoosha mguu azime, abakishe kidogo, hata cha siku moja. Hakunyoosha. Jua likashuka. Ngururu... nguru... ngu. Kho.

Kimya.

Akakaa muda mrefu ndani ya kimya kile. Kisha akafuta macho, akashuka, akaenda kichakani.

"Bwana Chui. Mngurumo umekatika."

Chui akaja akinung'unika. Akafungua boneti, akanusa huku, akanusa kule, akacheka. "Mama wewe! Hakuna mafuta. Weka mafuta!"

"Mafuta si gari, Bwana Chui. Mafuta ni mafuta. Hayamo kwenye dhamana."

Kule juu kichuguuni kanga wakajibu wote kwa pamoja: "Hayamo, hayamo, hayamo!"

"Lakini mngurumo umo," akasema Sikudhani. "Nao umekatika. Kaa."

Chui akainua mguu wa mbele kuondoka. Doa moja la begani likamwasha, kama linataka kubanduka. Akaushusha mguu.

"Nitakwenda kununua mafuta, narudi sasa hivi."

"Ukiondoka umeondoka."

"Nitakula wewe!"

"Nile. Ukishanila, nani atasema nimesikia?"

Chui akakunja mkia. Akakaa kitako. Baadaye akaanza kuita. "Enyi kanga! Nani ataniletea mafuta kutoka uwanjani kwangu?" Kanga wakamwonyesha mikia. "Enyi swala!" Swala hawakuwepo. "Ngiri, rafiki yangu!" Ngiri akajibu kutoka shimoni, "Tangu lini?"

"Tuma ndugu yako," Sikudhani akamwambia. "Si umeandika kwenye kibao?"

Chui alitazama chini kama mtoto aliyeulizwa baba yake yuko wapi.

Basi akakaa. Jua likamchoma, akakaa. Umande ukamlowesha, akakaa. Tumbo likamlia, akakaa. Sikudhani akaja kukaa upande wa pili wa gari. Mwanzoni alikaa kumlinda asitoroke. Akaanza kuzungumza ili asisinzie. Akamweleza habari za shangazi, za homa, za debe. Chui alikuwa msikilizaji mbaya, alipiga miayo, alikoroma, alitukana. Lakini alikuwepo. Sikudhani akisema neno, halikurudi kinywani mwake. Lilitua mahali.

Chui akakonda, mbavu zikahesabika. "Chukua kichaka chako," akasema. "Chukua na chumvi yako. Sema tu umesikia."

"Sema mbele ya kanga. Na useme kwamba hutaweka tena unyayo nyikani kwetu."

Chui akasema yote, akaapa kwa madoa aliyonayo na yatakayoota. Kanga wakapiga vigelegele. Somoe akashuka kutoka kichuguuni, akaja mpaka kando ya gari.

"Umemweza, shoga! Haya, sema neno aende zake."

Sikudhani akafungua kinywa.

"Sijasikia," akasema.

"Uongo mtupu unatosha," Somoe akamnong'oneza. "Unangoja nini?"

"Sijasikia, Somoe."

Chui alipoona hivyo akaingia nusu mwili ndani ya boneti, akavuta pumzi, akanguruma. GRRRAAAU! Kanga wakatawanyika.

"Hapana," akasema Sikudhani. "Huo ni wa kuua. Punguza. Huanza na kikohozi kidogo, cha kuomba radhi."

"Kho," akasema Chui.

"Mara mbili. Halafu chini, tumboni, bila haraka. Kama mtu asiye na mahali pa kwenda."

Chui akajaribu. Akakosea, akajaribu. Njaa ilikuwa imemtoa ukali wote, na sauti iliyobaki ilikuwa laini kidogo, ya kukwaruza. Sikudhani akapanda garini, akafunga mlango, akajikunja kwenye kiti cha pembeni, akafumba macho.

Kho... kho... ngururururu.

Vyuma vikatetemeka. Kiti kikatetemeka. Chui akanguruma, yeye akakaa. Akanguruma, akakaa. Kanga walinyamaza, maana waliona jinsi alivyokaa. Chui pumzi zikaanza kumwishia, lakini kila alipochungulia kupitia kioo cha mbele, mjane alikuwa bado amefumba macho. Akaendelea. Hata yeye hakujua kwa nini hakukatisha.

"Umesikia?" akauliza mwishowe, kwa sauti ya kuchoka.

Sikudhani angeweza kukaa kimya, na Chui angelazimika kubaki, leo, kesho, mpaka mmoja wao afe. Alilifikiria hilo. Kisha akamtazama yule mkubwa mwenye meno, mbavu nje, masizi puani.

"Nimesikia," akasema.

Fyaa! Chui akatoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hakuaga. Miiba ikatikisika, ikatulia.

Wiki hiyo ikawa sherehe. Kunazi zilirudi kwa wenyewe, swala walirudi kulamba chumvi, na Somoe alicheza mpaka manyoya yakamtoka. Kila mmoja alikuja kumpongeza Sikudhani. Ilipofika jioni kila mmoja alienda kwake, wawili wawili, kundi kwa kundi. Sikudhani akarudi kichakani. Kichaka kizima kilikuwa chake, kikubwa kuliko zamani.

Alivumilia. Kisha asubuhi moja akachukua kikapu, akakijaza kunazi zilizoiva vizuri, akafunga safari, tiki-tiki-tiki, hadi kwenye uwanja wa magari wa Bwana Chui.

Chui alipomwona kwa mbali alipanda mti, akakwea mpaka tawi la mwisho.

"Unataka nini? Nilirudisha kila kitu!"

"Sikuja kwa shari, Bwana Chui. Nimekuja kuuliza. Unayo dhamana nyingine?"

"Hakuna! Zimekwisha!"

"Hata ya gari dogo?"

"Hakuna!"

"Hata ya baiskeli?"

"Wewe huna baiskeli!"

"Sina," akakubali Sikudhani.

Akasimama pale chini kidogo, akitazama juu. Chui naye akatazama chini. Mwisho Sikudhani akaweka kikapu kwenye shina la mti, ingawa alijua chui hali kunazi, akasema, "Haya, ubaki salama." Akashika njia ya kurudi.

Sasa nawauliza, wenzangu: dhamana ile ilistahili bei yake?

— Haikustahili! Alitoa kichaka, akapata maneno!
— Ilistahili! Alipata mtu wa kukaa naye!

Gombaneni, mimi simo. Funzo la ngano hii liko wazi, wala halihitaji akili nyingi. Gari la fahari ni chuma, na chuma hakina shukrani. Muuzaji akikwambia "chochote kikiharibika," mwulize hicho chochote kinakaa wapi. Kwa hiyo watoto wangu, msije mkathubutu kununua dhamana ya nyongeza mkiwa na gari. Inunueni mkiwa hamna.

— Ngano nimeitua!
— Tumeipokea!
— Ina uzito?
— Kidogo, upande mmoja!
— Basi ubebeni huo, ule mwingine nitakwenda nao mwenyewe.